Barafu na Jiwe la Wifi Yangu Tuntufye

Wifi yangu Tuntufye alikuwa na mdomo, nami ninao, kwa hiyo msitegemee nimsifu kama mchungaji anavyomsifu marehemu. Aliolewa na kaka yangu Enoki, akaletwa kwetu Ikombe, kijiji cha ziwani, kwa mtumbwi, mkononi ana mkeka mmoja, kicheko chake kinasikika hadi Matema. Wanawake wote wa Ikombe ni wafinyanzi, lakini yeye alitushinda. Akishika udongo, udongo unatii. Vyungu vyangu mimi vilivuja hata kabla ya kutiwa maji.

Mimi nilisema siri yake ni jiwe. Kwetu chungu kikianza kukauka, kabla hakijawa kigumu, husuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae, ndipo kichomwe. Jiwe zuri haliokotwi ovyo. Hutoka kwa mama likaenda kwa binti. La mama yangu alirithi kwa bibi yake. Lilikuwa jeusi, linajaa kiganja, upande mmoja lina mikwaruzo iliyonyooka, upande wa pili ni laini, linateleza kama sabuni. Na mama alipokaribia kufa alimpa nani? Tuntufye! Mimi Rut, binti yake wa kumzaa, nikaachiwa kapu. Nilinuna miaka sita, tena nilinuna vizuri.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitler nilikwenda Itungi kuuza vyungu, nikakuta hema ufukweni. Ndani alikuwamo Mzungu anayechunguza mawe, tukamwita Bwana Mawe, pamoja na karani wake Lazaro, mtu wa Tukuyu aliyevaa tai na soksi ndefu juani. Bwana Mawe alikuwa amechora jiwe kwenye karatasi. Lazaro akatutangazia.

"Sikilizeni. Bwana anasema zamani sana nchi hii ilifunikwa na barafu nene kushinda nyumba mia zikipandana. Barafu hiyo ilitembea. Ilichimba mabonde, ikaburuta mawe, ikakwaruza miamba. Anatafuta mawe yenye mikwaruzo kama hii. Atakayemwonyesha atapewa blanketi."

Tulicheka mpaka samaki wakasahauliwa juani. Barafu, hapa kwetu, ambako jasho linaamka kabla yako! Mvuvi mmoja akauliza kama hiyo barafu ilitembea kwa miguu au ilipanda meli. Mwingine akauliza blanketi ni la nini kwenye joto hili.

"Labda inarudi," nikasema.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mchoro. Mikwaruzo ile niliijua. Nikamvuta Lazaro pembeni, nikamwambia jiwe hilo liko Ikombe kwa wifi yangu. Sikuwa na shida na blanketi, nasema kweli. Nilitaka Tuntufye naye ahangaike na vijiwe vya ovyo kama sisi wengine.

Kesho yake walifika. Tuntufye akawaamkia, "Mugonile," akawapa kigoda, akatoa jiwe bila wasiwasi. Bwana Mawe akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza upande ule laini, akasema maneno mengi kwa pumzi moja.

"Bwana anasema tazameni hapa," Lazaro akatafsiri. "Mwanadamu hawezi kulainisha jiwe hivi. Ni barafu peke yake, kwa maelfu ya miaka."

Wanawake tukatazamana. Upande ule ulilainishwa na vyungu: vya bibi, vya mama, vya Tuntufye. Lakini nani atamsahihisha mgeni mwenye furaha kiasi kile? Tukaziba midomo kwa khanga.

Kicheko kilikatika Lazaro alipoongeza kuwa jiwe linakwenda Ulaya, maana mawe yote ya nchi hii ni mali ya serikali. Bwana Mawe akalifunga kwa pamba, akalitia sandukuni. Wakapiga hema pale pale ufukweni, wakisubiri boti ya keshokutwa. Mimi nikapewa blanketi kichinichini.

Tuntufye alikuwa na vyungu kumi na saba kivulini, vya soko la Jumamosi. Vikikauka zaidi ya siku moja, havisuguliki tena. Alijaribu jiwe la jirani, likaparua. Akajaribu langu, likaparua zaidi. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba, yule mwenye kicheko cha kufika Matema, analia bila sauti.

"Bila jiwe lile mimi ni nani hapa, wifi?" aliniuliza. Blanketi likaanza kuniwasha, na nilikuwa sijajifunika.

Asubuhi aliosha uso, akabeba chungu kimoja, akaenda kusimama mbele ya hema. Nikamfuata.

"Karani," alisema, "kwetu kitu cha marehemu hakiondoki bila kuagwa."

Mila hiyo haipo. Lazaro akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

"Kweli kabisa," nikasema. "Tena kinaagwa na kila chungu."

Bwana Mawe akavua kofia kwa heshima, akalitoa jiwe, akafungua daftari. Tuntufye akaketi mchangani, akaanza kuaga kwa kusugua. Wanawake tukamletea vyungu kimoja kimoja, tukiimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya kilio. Bwana Mawe aliandika kwa bidii hadi chungu cha tano. Hapo kalamu ikasimama. Akachuchumaa, akatazama jinsi upande laini ulivyokaa kwenye tumbo la chungu, hakuna nafasi hata ya kupitisha unywele.

"Anauliza mmefanya hivi tangu lini," Lazaro akasema taratibu.

"Tangu kwa bibi yake mama mkwe wangu," akajibu Tuntufye, bila kuacha kusugua.

Shingo ya Mzungu ikawa nyekundu. Akachana ukurasa mmoja wa daftari, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema mikwaruzo ni kazi ya barafu kweli, lakini akilipeleka jiwe, wakubwa zake hawatajua barafu iliishia wapi na wanawake wakaanzia wapi, na watakayemcheka ni yeye. Tuntufye akamaliza vyote kumi na saba, akalitia jiwe kifuani. "Ndaga, bwana," akamshukuru.

Sasa Bwana Mawe alitaka kujua lilikotoka, na mahali hapo nilipajua mimi peke yangu. Mama alinipeleka nikiwa msichana. Ni korongo la milimani, upande wa Kiwira. Tulipanda siku mbili. Bwana Mawe alilala kifudifudi juu ya mwamba uliochorwa mistari mirefu, yote inaelekea upande mmoja. Nilipitisha kidole kwenye mstari mmoja, na hamu ya kucheka ikaniisha. Kitu kikubwa kilikuwa kimepita pale. Siku hizi wageni wenye fimbo na viatu vizito hupanda kuutazama, na hawaniulizi njia.

Niliporudi, Tuntufye alikuwa anapanga vyungu vya kuchoma.

"Wifi," nikasema nikitazama chini, "mimi ndiye niliyewaleta."

"Najua. Jiwe lile wanalijua wangapi?"

"Mbona hukunisema?"

Akaweka chungu chini. "Siku mama aliponipa jiwe nilikataa. Nikamwambia mpe Rut, ndiye mwanao. Akasema, 'Rut amekuwa na mimi tangu azaliwe, na ana kijiji kizima. Wewe hapa una nini?'"

Niliketi mchangani nikamlilia mama yangu, kwa mara ya kwanza, maana siku tuliyomzika nilikuwa nimenuna.