Plagi za Kaka, Plagi za Dada

Walimwita Mama Grisi ingawa hakuwahi kuzaa wala kuolewa. Jina alilipata kwenye karakana ya mabasi, alikofanya kazi tangu usichana mpaka mvi zikamwota, na lilimkaa kama ovaroli yake: kubwa kidogo, lenye madoa, lakini lake. Hata akienda harusini na gauni la hariri, weusi wa chini ya kucha ulimtangulia kusalimia watu. Hakuona haya. "Fundi mwenye mikono safi," alikuwa akisema, "ujue kuna injini mahali inamlilia."

Alikuwa na kaka mmoja tu, seremala wa milango na vitanda. Baba yao mdogo aliposema msichana hana kazi kwenye karakana, kaka ndiye aliyemshika mkono akampeleka mwenyewe kwa msimamizi. "Mjaribu mwezi mmoja," akamwambia. "Akishindwa, nitakutengenezea meza bure." Msimamizi yule alistaafu bila meza.

Sasa, seremala huyu alikuwa na ugonjwa wa ndege. Wengine hupenda mpira, wengine hupenda bao. Yeye ikipita ndege juu aliacha randa katikati ya ubao. Alipofikia umri wa kuitwa babu alianza kuunda yake mwenyewe, ya mbao, ya viti viwili, ndani ya banda nyuma ya nyumba. Majirani walicheka, halafu wakazoea, halafu wakaanza kumletea mbao nzuri walizoziona. Mkewe, mshona mapazia, ndiye aliyeshona nguo ya kuvika mabawa, akinung'unika kila mshono kwamba ndege ya mume wake inavaa kuliko yeye.

Injini ilitoka kwenye gari la michezo lililogonga mti. Mama Grisi aliigundua kwa muuza vyuma chakavu, akaizunguka kama mtu aliyeona nyoka wa rangi asiyoijua. Ilikuwa injini ya rota. Haina pistoni za kupanda na kushuka, wala vali. Ndani mna rota yenyewe, kipande cha chuma chenye pembe tatu zilizovimba ubavuni, kinachozunguka kwenye chumba chenye umbo la namba nane iliyolegea. Vyumba viwili, na kila chumba plagi mbili za kuwasha mafuta.

"Ni ndogo, nyepesi, na haina vitu vingi vya kuvunjika," alimwambia kaka yake. "Tuichukue."

Waliisafisha pamoja mwaka mzima, na hawakuwahi kugombana mpaka walipofika kwenye plagi.

Plagi ni kitu kidogo, mtu hukificha kwenye kiganja, lakini si kila plagi inafaa. Kwanza, kwenye injini ya rota plagi haiwezi kuwa na mdomo mrefu, maana rota inapita karibu mno na itaukata. Hapo walikubaliana. Ugomvi ulikuwa joto. Kuna plagi ambayo mafundi huiita ya moto: ncha yake hubaki na joto, kwa hiyo masizi huungua yenyewe. Na kuna ya baridi: joto lake hukimbilia haraka kwenye ukuta wa injini, ncha haiwaki hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, ila masizi huipenda.

Kaka alitaka ya moto. "Injini hii inakunywa oili kama haina mama," alisema. "Plagi ya baridi itajaa masizi kabla hatujafika mwanzo wa njia ya kurukia. Tutazimikiwa uwanjani, watu wanatuangalia."

"Afadhali izime chini kuliko juu," akajibu Mama Grisi. "Gari hukanyagwa mafuta dakika moja likipita lori, basi. Ndege ikipanda, imekanyagwa mpaka juu. Ncha ya plagi yako itakuwa nyekundu kama kaa, iwashe mafuta kabla ya wakati wake. Injini itajipasua yenyewe."

"Wewe umekaa na mabasi mpaka kichwa kimepata viti vya abiria."

"Na wewe umepigilia misumari mpaka mmoja umeingia."

Walizoea kutaniana hivyo na kucheka. Siku ile hawakucheka. Kaka alikwenda akanunua plagi zake za moto, akazipanga rafuni. Mama Grisi naye akanunua zake za baridi, akazifungia kabatini. Akaondoka bila kuaga, na wiki iliyofuata hakukanyaga pale.

Kabla wiki haijaisha, kiharusi kilimkuta kaka bandani, akipiga msasa ncha ya bawa. Mkewe alishangaa kutosikia msasa, akaenda kutazama.

Hospitali waliokoa maisha yake, lakini upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamekwenda. Yote yalikwenda isipokuwa moja. Akitaka maji, alisema "basi." Akitaka kugeuzwa, "basi." Akimshukuru muuguzi, akiona mvua, akikataa uji, "basi," kila mara kwa sauti yake, na macho yakijazia kilichobaki. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo. Neno moja hushika mlango wakati mengine yanatoka.

Mkewe, wifi yake Mama Grisi, alijifunza lugha hiyo upesi. Mama Grisi ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa akilia kila alipoisikia. Mwishowe wifi yake akamwambia, "Wifi, umetengeneza mabasi maisha yako yote. Sasa kaka yako ana neno moja tu, naye amechagua la kazi yako. Hebu furahi." Mama Grisi akacheka huku kamasi zinamtoka, na kuanzia hapo akaweza kukaa kitandani pa kaka yake bila kujifuta macho.

Miezi ikapita. Kaka akarudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Kila asubuhi alijisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka dirishani, akakaa akiangalia mlango wa banda uliofungwa.

"Ananiumiza roho," wifi alisema. "Njoo umalizie hiyo ndege. Mimi nilikuwa naionea wivu. Sasa nataka iishe ili awe na kitu cha kutazama."

Mama Grisi alikuja na sanduku lake la spana. Alifunga kilichobaki kufungwa, nyaya na mabomba, kaka akiwa kando yake anaelekeza kwa kidole. Ilipofika zamu ya plagi, hakuuliza. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua zile za kaka. Alijua si sahihi. Lakini alikuwa amejiambia usiku mwingi kwamba, Mungu akimpa nafasi nyingine na kaka yake, hatashindana naye tena kwa jambo lolote duniani.

Walifunga mkia wa ndege kwenye nguzo, wakatia vizuizi kwenye magurudumu, wakawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Pangaboi la ndege likageuka ukungu, vumbi la mbao likatoka bandani kama limefukuzwa. Kaka aliweka kiganja cha kushoto juu ya meza ya useremala, apate kuisikia pia kwa mkono. Alikuwa anatabasamu kwa nusu ya uso iliyoweza.

Mama Grisi akaongeza mafuta taratibu mpaka mwisho. Mwanzo ilinguruma vizuri. Halafu, chini ya ule mngurumo, kikaanza kitu kidogo, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Alikisikia. Akajifanya hajakisikia.

"Basi!" Kaka alipiga mkono wa kiti. "Basi! Basi!"

Dada yake akazima injini. Wakasikia kuku wa jirani.

"Ni plagi zako, kaka," Mama Grisi alisema. "Zile ulizozitaka."

Kaka akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kabatini. "Basi," akasema, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa.

"Anasema weka zako," wifi akatafsiri.

"Nimesikia anachosema. Sitaki. Mimi sitaki kumshinda tena, wifi! Nilishindana naye mara ya mwisho, na ona." Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaficha uso kwa mikono ile ile yenye grisi.

Kaka alijisukuma mpaka magoti yao yakagusana. Hakuwa na maneno ya kumwambia kwamba mshipa wa kichwa haupasuki kwa sababu ya plagi. Akamvuta sikio, kwa nguvu kidogo, kama alivyokuwa akimvuta walipokuwa wadogo akigoma kwenda shule.

"Unaniumiza!"

"Basi," kaka akasema, na hapo hapakuhitajika mkalimani.

Alizifungua zile plagi zikiwa bado za uvuguvugu, akamwekea kaka moja kiganjani. Kauri yake ilikuwa nyeupe kama mfupa, na juu yake vipunje vidogo vinavyometa, chuma kilichoanza kuyeyuka. Kaka aliigeuza kwenye mwanga, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaitupa ndani ya ndoo ya takataka, ikalia ting, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. Cheko halikuwa limepotea. Lilikuwa lile lile.

Plagi za baridi zikaingia. Injini ikakanyagwa mpaka mwisho, ikakaa hapo muda, na zile changarawe hazikusikika hata kidogo.

Kwa hiyo mtu angesema dada alishinda. Ngoja kwanza.

Waliisafirisha ndege kwa lori mpaka uwanja mdogo nje ya mji. Huko alikuwepo rubani mmoja mstaafu, aliyewahi kunyunyizia dawa mashamba kwa ndege, mtu mpole aliyezungumza kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa ameikagua ndege ile bandani zaidi ya mara moja, akakubali kuirusha. Akaiendesha taratibu mpaka mwanzo wa njia. Pale ikabidi asubiri. Ndege nyingine ilikuwa inatua, na nyuma yake nyingine. Injini ikawa inanguruma kwa mwendo mdogo, inakunywa oili yake. Rubani alipokanyaga mafuta aondoke, ikatetemeka, ikapiga chafya mbili, ikazima. Katikati ya uwanja, watu wanaangalia.

Kaka alicheka mpaka machozi yakamlowesha shati. "Basi!" alisema, akimnyooshea dada yake kidole. "Basi, basi, basi!"

"Haya, cheka," Mama Grisi alisema, naye amebana midomo isipasuke. "Cheka, ni haki yako."

Plagi zilitoka nyeusi, zinateleza kwa masizi. Akazisafisha kwa petroli akiwa amekaa nyasini, wifi akimshikia kitambaa. Kurudi kwenye za moto hakukuwezekana. Hilo sasa wote walilijua. Alizirudisha, akawasha tena, kisha akasimama na bisibisi kwenye kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, bila kujua aanzie wapi.

Ndipo kaka akainua mkono wa kushoto, kiganja kikiangalia juu. Mama Grisi alimtazama. Kaka akaupandisha kidogo. Dada akaelewa: ongeza mwendo wa kusubiri, plagi zisipoe zikashika masizi. Akageuza skrubu. Injini ikapanda kidogo. Mkono ukaendelea kupanda, polepole, naye akiufuata kwa bisibisi, kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi. Ule mtetemo ukapungua, ukapungua, na mahali fulani ukaisha kabisa. Kaka akakunja ngumi: hapo.

"Itavuta sana nikiwa nasubiri," rubani alisema. "Nitakula breki."

"Samahani, Rubani," alisema Mama Grisi.

"Hapana, mama, si lawama. Breki nitabadilisha. Injini angani sina wa kunibadilishia."

Aliiacha ingurume namna hiyo muda mrefu kuliko ule wa mwanzo, makusudi. Kisha akakanyaga. Ndege ikakimbia, mkia ukainuka, na ile mbao iliyopigwa msasa na fundi vitanda ikaiacha ardhi bila makelele mengi. Akazunguka uwanja mara kadhaa, akatua. Wifi alikuwa amefumba macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na baadaye aliapa kwamba aliona kila kitu.

Siku nyingine, rubani alipokwisha kuizoea, walimnyanyua kaka wakamweka kiti cha pili. Wifi akamfunga mkanda mwenyewe, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena. "Mkimwangusha mnioe nyote wawili," aliwaambia rubani na Mama Grisi. Akambusu paji la uso mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walipotua, nywele za kaka zilikuwa zimesimama zote na ile nusu ya uso iliyolala ilikuwa imelowa upepo na machozi. Alimtafuta mkewe, akasema neno lake, kisha akahangaika na ulimi, na likatoka la pili: "Nawe."

Wifi akageuka nyuma kutafuta anayesemeshwa. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mimi? Mimi nimekuja na viatu vya wazi!"

Lakini alipanda. Mwanamke aliyeionea wivu ndege ile miaka yote alikaa kwenye kiti ambacho mumewe alikuwa amekichonga, mkoba wake magotini, akaelekezwa asiguse kitu. Mama Grisi alifungua kifuniko cha injini akatazama plagi kwanza. Zilikuwa za rangi ya kahawia nyepesi, kavu, kama inavyotakiwa. Akazirudisha, akafunga.

Ndege ilipoondoka, alikaa nyasini kando ya kiti cha magurudumu. Wote wawili waliinamisha vichwa upande mmoja, wakisikiliza. Mlio ulikwenda mbali, ukazunguka nyuma ya miti, ukaanza kurudi, na haukuyumba. Kaka akateremsha mkono wake mzima, akauweka juu ya kichwa cha dada yake, juu ya kitambaa chenye harufu ya petroli. Mama Grisi aliuacha pale. Ndege ilipogusa ardhi, akainuka kwenda kuweka vizuizi kwenye magurudumu.