Mtungi wa Upepo

Daktari wa Machakos aliniambia nitembee kwa kasi kila siku mpaka nitoke jasho, la sivyo presha itaniua. Hakuwa na haja ya kunitisha. Mama yangu mzazi alianguka akipalilia mbaazi, jembe mkononi, na hakuinuka tena. Siku ile nimekaa mbele ya daktari nilikuwa na umri uleule aliokufa nao. Kwa hiyo niliahidi. Kuahidi hakuna kazi.

Tatizo la kwanza lilikuwa nafasi. Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nafundisha darasa la nane huku Kilungu, nina watoto watano, ng'ombe wa maziwa, kwaya, na mume asiyejua chumvi inakaa wapi. Kilichobaki ni alfajiri tu, kabla ng'ombe hajakamuliwa. Nikaamka, nikafunga leso kiunoni, nikatoka.

Tatizo la pili sikulitegemea. Kwetu huwezi kumpita mtu njiani kana kwamba ni nguzo ya simu. Unasimama. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, kwenu mvua imenyesha, na yule ndama aliyekuwa akikohoa anaendeleaje. Ukimaliza kujibu, ni zamu yako kuuliza. Na vijia vya Kilungu alfajiri vina watu kama soko la Wote. Siku ya kwanza nilifika kwenye mikaratusi ya jirani tu, nikachelewa shuleni, na jasho sikuliona. Nikajaribu kukimbia. Hapo ndipo niliharibu kabisa, maana mtu mzima akikimbia asubuhi basi kuna msiba au kuna mwizi. Wanaume walitoka na fimbo kunisaidia kumfukuza mtu ambaye hakuwepo.

Kusema ukweli nako kulikuwa na hatari yake. Habari ingemfikia mama mkwe kabla sijafika nyumbani, na mama mkwe alikuwa na ulimi. Angesema mwanawe alipewa ng'ombe mgonjwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba yuko mtu mmoja asiyesimamishwa njiani, naye ni mwanamke aliyebeba maji. Huyo husalimiwa akipita, hujibu bila kuinua uso, na hakuna anayeona amedharauliwa. Basi nikachukua mtungi wa plastiki, nikaufunga kwa mukwa, ule mkanda unaokaa kwenye kipaji cha uso, nikauweka mgongoni mtupu kabisa. Nikainama. Penye mlima nikajifunza hata kuguna kidogo.

Nilitembea kama waziri! Watu walinipisha. Jasho lilinitoka, leso ikaanza kulegea kiunoni, na mchungaji akanitolea mfano kanisani: mwalimu mzima, na bado anachota maji kwa mgongo wake. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mume wangu, ambaye alijua nyumbani tuna tangi, alikohoa mpaka akatoka nje.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Asubuhi moja ya kiangazi nilimkuta mama mkwe ameketi kando ya njia na mbuzi wake, akaniomba maji kidogo asukutue mdomo. Mzee akikuomba maji huna njia ya kumnyima. Nilisimama tu. Yeye akainuka, akaunyanyua mtungi kwa kidole kimoja.

"Mwalimu," akasema, "huu upepo unaupeleka wapi?"

Nilimweleza yote, presha, daktari, mama yangu na jembe lake. Nilingoja ulimi. Hakunichapa nao. Alisema tu kwamba kama ni lazima nibebe, basi kuanzia kesho nijaze kwenye chemchemi nimpelekee yeye kule juu, kwa sababu miguu yake imechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; aliusema kama jambo dogo. Kutoka chemchemi hadi kwake ni mlima mtupu.

Sasa sikuweza kukosa. Daktari unaweza kumdanganya, lakini bibi kizee anayengoja maji ya chai humdanganyi. Kukiwa na mitihani nilipanda. Kwaya ikichelewa jana yake nilipanda. Kuna asubuhi nilipanda nikimtukana kimoyomoyo, na Mungu anisamehe, nilikuwa natumia maneno ya Kikamba yasiyo na tafsiri.

Kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilipoanza kujengeana matangi ya saruji kwa zamu, nani alipiga kelele zaidi kwamba tuanze kwa mama mkwe? Watu walinisifu tena. Tangi likaisha, mvua ikalijaza, nami nikaanza kuota usingizi wa asubuhi. Bibi akaonja kikombe kimoja, akatema. Alisema maji ya mabati yanamkata tumbo, yeye ni mtu wa chemchemi. Nikaendelea kupanda, mwaka huo na uliofuata.

Halafu mchana mmoja wa likizo nikampelekea viazi bila kumwambia nakuja. Nilimkuta amekinga birika kwenye mfereji wa tangi, anaimba. Maji yangu ya asubuhi yalikuwa yanang'aa chini ya mipapai yake, yote.

Nilikasirika. Nilimuuliza ananifanya punda tangu lini. Hakuona hata haya. Alifunga mfereji kwanza, kwa sababu hakupenda maji yapotee.

"Mama yako tulimzika, mimi nilikuwa hapo," akasema. "Wewe ndiye utanizika mimi. Si mimi nikuzike."

Nilitaka kuendelea kukasirika, nikashindwa, nikakaa kwenye kizingiti chake nikalia kama mtoto. Alinimiminia chai ya maji ya mabati, akaniuliza yule ndama anaendeleaje. Kesho yake alfajiri nilipanda tena, mtungi umejaa, nikaenda mwenyewe moja kwa moja hadi kwenye mipapai nikaumimina.