Nilinunua mastaa sita wa Nyamira, fainali ikapangwa Jumamosi

Wakuu, habari za mchana. Leo najianika mwenyewe na sipunguzi kitu, maana hapa Marani kila mtu anajua na wengine bado wananicheka.

Mimi nauza ndizi Daraja Mbili. Mwaka huu nilipewa timu ya mpira ya kijiji niiongoze kwenye mashindano ya kugombea fahali. Sijawahi kuwa kocha. Lakini bonus ya majani chai, yale malipo ya mwaka ya sisi wakulima, ilikuwa imeingia, na mtu mwenye pesa mfukoni hujiona anajua kila kitu.

Hiyo bonus ilikuwa ya mabati ya jikoni ya Mama Moraa, mke wangu. Nikamwambia atulie, tukishinda fahali tutamuuza na mabati yatapatikana.

Nina binamu Amerika anayefuata baseball. Aliniambia huko kuna timu tajiri zinazonunua kila staa, nyingine zinashinda, lakini zile zenye management nzuri tu. Mimi nilisikia "zinashinda", nikaaga.

Basi vijana wetu wengi nikawaweka bench, nikabakisha watano, nikaenda Nyamira kutafuta mastaa. Nikapata sita. Viatu vipya, mandazi kila mazoezi, boda boda ya kwenda na kurudi.

Wale wa bench walitazama hayo wiki mbili, wakaacha kuja. Sikuuliza kwa nini. Niliona afadhali, mandazi yatatosha.

Na kweli tulichapa watu. Semi tulishinda nne bila, nikaanza kutembea na mikono nyuma kama chifu.

Kabla ya fainali kamati ikatuita. Mgeni wa heshima hangeweza kuja Jumapili, je, tucheze Jumamosi? Wakuu, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Nilitaka mgeni anione.

Meneja wa Ekerenyo, wapinzani wetu wa fainali, Mwalimu Nyaboke, mama mstaafu ambaye timu yake haina hata sponsor wa maji, alifungua daftari, akasoma kidogo, akakubali.

Mnaojua Nyamira mshaelewa. Mimi Mkatoliki nimeishi na Wasabato maisha yangu yote. Kila Jumamosi sokoni naona meza zao ziko tupu. Na bado haikunijia kuuliza wachezaji wangu wanasali siku gani.

Asubuhi ya fainali nikapiga simu. Wa kwanza mteja hapatikani. Wa pili vilevile. Wa tatu alishika kwa kunong'ona, akasema wote sita wako kanisani, ni kwaya moja, tuonane jua likizama.

Nilikimbia kwa wale vijana niliowaweka bench. Watatu walikuja kwa huruma tu. Ombati, golikipa wetu wa zamani, alikataa, na simlaumu.

Pamoja na wale watano waliobaki, tulianza watu tisa. Golini niliingia mimi na hiki kitambi.

Saba bila. La tano lilipita katikati ya miguu yangu nikitafuta pumzi, na mgeni wa heshima aliniona vizuri sana.

Mwalimu naye alikuwa na Wasabato wanne kanisani. Tofauti ni kwamba alishaandaa wanne wengine.

Jumatatu nikaenda kwake kuuliza siri yake. Akaniambia, "Nitajie majina ya wale vijana wako sita wa Nyamira."

Nilitaja mawili. Wengine niliwaita Mrefu, Straika, Mguu wa Kushoto. Bei zao nilizijua zote. Mwalimu hakucheka, akanikaribisha chai.

Funzo langu: pesa inasaidia, lakini haiwezi kukuulizia watu habari zao. Hiyo ni kazi ya meneja, na mimi sikuifanya.

Mama Moraa hajanigombeza hata neno moja, na ndiyo inaniuma zaidi. Jana mvua ilinyesha, akapika amejifunika gunia, kisha akanipakulia mimi kwanza.

Haya, uwanja ni wenu. Matusi nayapokea, ushauri pia, ila mwenye mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wake aanze yeye.