Plastiki ya Chini ya Usukani

Sijawahi kumwelewa mtu anayeona aibu ya waya. Gari ni waya. Ukiuondoa unabaki na banda la bati lenye viti. Lakini mume wa dada yangu, mtu wa Dar, alifika gerejini kwangu hapa Same Ijumaa moja mchana, akashuka kwenye gari jeupe alilolinunua juzijuzi, na kabla hata ya salamu akaniambia, "Shemeji, sitaki kuona waya hata mmoja."

Alikuwa na kamera ya kufunga kwenye kioo cha mbele, na mkanda wa taa za buluu za kuwaka miguuni. Miguuni! Nikamuuliza taa za miguuni za kazi gani, akasema zinapendezesha. Nikasonya. Mtu anapanda mlimani kijijini kwetu Bombo, kwa barabara ambayo wazee wetu waliichimba kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yake, ina kona na ukungu na lori la tangawizi linakujia katikati, halafu yeye anataka viatu vyake ving'ae.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama yetu anaishi Bombo, na macho yake yote mawili yameshikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wanafika Same Jumapili hiyo, siku moja tu, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Shemeji alipaswa kupanda mlimani Ijumaa ileile jioni na kumshusha mama Jumapili alfajiri, afike kabla ya saa mbili. Mama alikuwa ameshatangaza atakachokitazama kwanza: uso wa mwanangu wa mwisho, ambaye yeye anamjua kwa kumpapasa kichwa tu.

Kufungua plastiki za ndani ya gari kunataka ustaarabu. Huvuti kama unang'oa muhogo. Unapenyeza kipande cha plastiki ngumu kwenye ukingo, unasikiliza klipu inaachia, unafuata nyingine. Shemeji alisimama nyuma yangu na simu, anatazama video ya mtu wa mbali huko anayefungua gari kama lake, ananisimulia. "Hapo anaanza na mpira wa mlango, shemeji." Mimi, miaka ishirini kwenye kazi hii, nafundishwa na simu! Nikawaambia mafundi wenzangu njooni mmwone profesa, wakaja, tukamcheka mbele yake. Waya wa kamera alitaka upite mbele ya mfuko wa hewa ulioko kwenye nguzo ya kioo, eti ndiyo njia fupi. Nikaupitisha nyuma, maana gari likigonga mfuko ule unafumuka, na waya unakurukia usoni. Hakujua hilo. Watu wa namna hii hawajui lolote, ila hawanyamazi.

Kisha akataka kusaidia. Nilipoinama kutafuta testa yangu, akaishika plastiki ya chini ya usukani kwa mikono miwili, akaivuta. Kwa! Klipu mbili zikakatika.

"Zilikuwa mbovu," akasema.

"Nyani haoni kundule," nikamjibu, na mafundi wakacheka tena.

Sasa, sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa kazi imekwisha, uwe umebakiza bolti moja au injini nzima. Gereji yangu iko njiani kwenda kanisani, na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kuwasema wanaofunga maduka yao wamechelewa. Siku hiyo jua lilikuwa limeshagusa nyika, na ilikuwa imebaki plastiki ileile ya chini ya usukani. Bila zile klipu mbili haikukaa. Nikaipiga kiganja. Haikuingia. Nyuma yake kulikuwa na kitu laini kinachosukuma, na nilikijua. Fundi wa miaka ishirini haambiwi na mtu kwamba amebana waya, mkono unamwambia. Lakini waumini wawili walikuwa wanapita, wamevaa vizuri, wananitazama. Nikatia skrubu mbili, nikakaza mpaka plastiki ikakubali.

"Tayari," nikasema. "Nenda salama."

Jumamosi kutwa niliiwaza plastiki ile. Kupiga simu si kazi, na hakuna aliyewahi kunikataza kupiga simu siku ya Sabato. Ningemwambia alegeze skrubu mbili, asogeze waya pembeni, basi. Lakini ningeanzaje? Nimwombe yule profesa wa simu anirekebishie kazi yangu? Thubutu! Sikupiga.

Jumapili saa kumi na mbili kasoro akapiga yeye. Gari limezimika kwenye kona, ukungu umejaa, mama yuko kiti cha nyuma na kitenge chake kipya. Amebadilisha fyuzi, imeungua. Ameweka nyingine, nayo imeungua. Nikakodi bodaboda, na barabara ile ni ndefu. Nilipowafikia ilikuwa saa mbili imepita.

Nikajilaza chini ya usukani, nikalegeza skrubu zangu mbili. Waya ulikuwa umebanwa kwenye ukingo wa chuma, gamba limechubuka, shaba iko nje, pamepiga shoti mpaka pamekuwa peusi. Kazi ya dakika tano na kipande cha tepu.

"Umeona nini?" mama akauliza kutoka nyuma.

"Waya umebanwa, mama."

"Nani aliyeubana?"

Kichwa changu kilikuwa chini ya dashibodi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na sikulisema.

"Ni mimi, mama," shemeji akasema. "Niliivuta hii plastiki nikavunja klipu. Halafu nikairudisha mwenyewe."

Nusu yake ilikuwa kweli. Na ile nusu nyingine alijua si kweli, kwa sababu alikuwa amesimama palepale nilipokuwa nakaza.

"Mkwe wangu," mama akasema, "pale Same kuna fundi, mwanangu wa kumzaa. Kwa nini usimwachie anayejua?"

Tulifika saa tano. Majina yalikuwa yameshasomwa, nafasi ya mama amepewa mwingine, tukaambiwa tusubiri madaktari watakaporudi. Hawajarudi mpaka leo.

Bombo nzima inaijua habari ya mkwe na plastiki yake. Akipanda huko wanamuuliza kama amekuja na gari au ameliacha kwenye kona, naye anacheka nao. Juzi nilikuwa nyumbani kwa mama, tunakula makande, amempakata mwanangu, anampapasa kichwa. Akamwambia, "Saa hizi ningekuwa naijua sura yako, mjukuu wangu, kama si yule mjinga aliyemuoa shangazi yako."

Nilikuwa nimekaa hapohapo, mdomo umejaa. Nikaendelea kutafuna.