Nani Kapunguza Suruali ya Bonge?

Siku niliyokuta mshono wa mtu mwingine kwenye suruali ya mume wangu, ndoa yangu ilianza kufa.

Usicheke. Mimi ni fundi cherehani. Tangu anioe, nguo za yule mwanaume hazijawahi kuguswa na sindano isiyokuwa yangu.

Nilikuwa naanua nguo kambani. Nikageuza suruali yake ya kijivu, nikaona kiuno kimepunguzwa pande zote mbili, tena kwa uzi mweusi. Mimi kitambaa cha kijivu nakishona kwa uzi wa kijivu, hata nikiwa na homa.

Nikageuza nyingine. Nayo vilevile.

Zote!

Mume wangu nilimwita Bonge. Kitambi chake kilikuwa kinamtangulia mlangoni. Suti ya harusi niliyomshonea mwenyewe ilimgomea mapema tu, nikawa namtania, "Bonge, hii tutamvalisha mkwe."

Lakini siku za karibuni alikuwa amebadilika. Kafuga ndevu. Analala sebuleni, eti mgongo. Nikimsogelea nimkumbatie, anakumbuka kitu jikoni. Nikimwambia amepungua, anajibu, "Mazoezi hayo."

Mwanaume anajipunguza, anafuga ndevu, halafu ana mtu wa kumshonea. Jumlisha mwenyewe.

Nikamsubiri na suruali mkononi.

"Bonge, nani anakushonea?"

Akaitazama ile suruali. Akakaa taratibu.

"Nakuuliza, nani?"

"Nina mtu," akasema.

Hakubisha wala hakuapa. Hata mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi hujitetea kidogo!

Nikamtolea uvivu. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Nikamtupia begi nje, akaliokota aende kwa dada yake. Pale mlangoni akageuka.

"Ule, tafadhali. Ukikasirika huwa huli."

Nikabamiza mlango.

Nilinuna ndani siku kadhaa bila kula, kisha nikataka kumjua huyo mwanamke. Mshono unamjua mwenyewe, kama mwandiko. Nikaichukua ile suruali, nikapita kwa mafundi mmoja mmoja. Nyuma ya soko nikamkuta baba mmoja mnene, tepu shingoni.

"Hii kazi yangu," akasema. "Ni ya yule jamaa mgonjwa."

"Mgonjwa?"

"Kila akipungua ananiletea. Anasema mkewe ni fundi, nguo zikimpwaya tu, atajua. Kwani wewe ni nani yake?"

Suruali niliiacha mezani kwake, nikakimbilia kwa dada yake Bonge.

Wifi alinifungulia huku analia.

"Alinikataza, wifi yangu. Alisema afadhali umchukie kuliko umtazame akiisha."

Bonge alikuwa amelala. Nikamkumbatia, mikono yangu ikamzunguka mpaka ikakutana mgongoni. Haijawahi kutokea. Nikaangua kilio.

"Mjinga wewe! Kwa nini?"

"Ungenishika tu, ungekuwa umeshanipima."

"Na huyo mwanamke?"

"Nimtoe wapi?" Akatabasamu. "Kitambi chote kile kilikuwa chako."

Nikamrudisha nyumbani. Hakukaa sana, akanitoka.

Wifi akaniuliza tumvalishe nini. Nikaitoa ile suti ya harusi kabatini, nikatunga uzi kabisa, nikijua kazi ipo. Niliishona kabla ya kitambi, lakini mtu mwenyewe sasa ugonjwa ulikuwa umemmaliza.

Ilimkaa vizuri, kama siku ile ya harusi. Hapakuwa na pa kupunguza.

Nilikaa pale na sindano yangu mkononi, sina la kufanya.

Ndugu zangu mlio kwenye ndoa, kumficha mwenzio ugonjwa si kumhurumia. Mwambie, mlie pamoja. Na wewe unayeambiwa "nina mtu", vuta pumzi kwanza, uliza swali la pili. Zile siku nilizokaa ndani nimenuna, sili, Bonge alikuwa bado hai. Ningeweza kuwa naye.