Jeti Ilifutwa, Gari la Husna Limefika Mgwashi

Haya nimeyapata kwa Sesilia, muuguzi wa zahanati ya Mgwashi, Jumamosi iliyopita, tukimenya njegere barazani kwangu. Alikuwapo gereji kwa Husna siku ile tangu asubuhi, kwa hiyo sikumkatiza. Jumatatu nikaenda Lushoto kumuuliza Husna mwenyewe, naye akaniambia, "Sesilia hajatia chumvi, bibi."

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi. Ukungu haujaondoka Lushoto. Husna, fundi bodi wa miaka arobaini na tatu, mwembamba na mfupi, ananing'iniza bati la alumini kwenye mizani ya viazi. Anasoma, anaandika kwa chaki ukutani. Anatoboa matundu bati lipungue uzito, analining'iniza tena.

Nyuma yake limesimama gari kuukuu lililokuwa la shamba la chai. Watu wa Mgwashi wamelinunua kwa michango liwe la wagonjwa. Husna amelijengea bodi mpya: kitanda kimoja, kiti cha muuguzi, basi.

Mpaka leo mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki hubebwa kwa machela, wanaume wanne kwa zamu. Mwaka jana kina mama wawili walijifungulia njiani. "Mmoja mvua inamnyeshea," anasema Sesilia. "Nikamfunika kwa kanga yangu."

Leo kamati ya michango inakuja kulichukua gari. Au kulikataa.

Kazi hii Husna hakujifunzia Lushoto. Akiwa na miaka ishirini na mitano alikwenda ng'ambo kulea watoto wa watu, akaishia kufagia kiwanda cha ndege, kwenye mji wenye baridi ya kuishinda ya Magamba, msituni juu ya Lushoto, mwezi wa saba. Kiwanda kilikuwa kinaunda jeti ndogo ya wafanyabiashara, ya abiria wanane. Siku moja msimamizi akamwona anaingia mzima mzima chini ya benchi kutoa takataka. Kumbe walikuwa wanatafuta mtu wa kuingia ndani ya bawa.

"Mle nafasi ni kama kabati la vyombo," anasema Husna. "Mwenzako yuko nje anagonga ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, kwa nyundo ya upepo, wewe ndani unakinga kwa chuma. Kwa kelele zile hamsikilizani. Kwa hiyo unamgongea bati. Mara moja, sawa. Mara mbili, rudia."

Alifundishwa miezi tisa, akaifanya kazi hiyo miaka sita. Nyumba ya mama yake iliezekwa bati kwa mshahara huo.

Ndege ilianza nyepesi. Kisha mteja mmoja akataka mlango mpana. Mwingine akataka jiko. Mwingine akataka kitanda, alale huko huko angani.

"Wakubwa hawakumkatalia mtu," anasema. "Kila kitu ni kilo kumi tu, kilo ishirini tu. Hakuna aliyezijumlisha mapema."

Bawa likaongezwa nguvu, nalo likaongeza uzito. Injini ikazidiwa. Ikaagizwa kubwa zaidi, ikachelewa miaka miwili, na walioweka oda wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ndege ya kwanza ilipaa mara kumi na moja, ndani marubani wawili tu. Asubuhi moja wafanyakazi mia nne waliitwa, wakaambiwa mradi umefutwa.

Bawa la ndege ya pili, ambalo Husna alilimaliza wiki hiyo hiyo, lilikatwa kwa msumeno huku akiona. Aliomba kitu kimoja: kile chuma chake cha kukingia. Wakampa.

"Kazi sikuililia, kazi ninayo mkononi," anasema. "Nililia kwa sababu miaka sita nilijenga kitu, na hakikumbeba hata abiria mmoja."

Saa nne kamati inaingia gereji: Mzee Idrisa, mwenyekiti, na wajumbe wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee analizunguka gari, analipapasa kama anayenunua ng'ombe. Kisha anatazama juu.

"Keria iko wapi?"

"Ya nini, mzee?"

"Ya kabichi! Gari litoke Mgwashi na mgonjwa mmoja, juu kweupe? Sisi ni wakulima, bwana. Tutachekwa."

"Na benchi la ndugu wanne," mjumbe mmoja anadakia. "Mgonjwa wetu hasafiri peke yake kama barua."

Sesilia anataka kusema, Mzee Idrisa anamwinulia kidole. "Bila keria wakulima hawachangii mafuta. Na bila mafuta, gari tunaliuza. Nimemaliza."

Husna habishi. Anaazima magunia manne ya viazi kwa jirani, anayafunga juu. Nyuma anawapakia wajumbe wote wawili na vijana wawili wa gereji.

"Sasa mzee, panda kitandani."

"Mimi mzima!"

"Leo una uchungu, mzee," anasema Sesilia. "Lala."

Gereji nzima inacheka, na mzee analala, kofia kifuani.

Dereva, Elinuru, analipandisha gari kilima kilicho nyuma ya gereji. Kwenye kona gari linalalia upande, springi zinagonga chuma kwa chuma. Katikati ya kilima injini inakohoa, inazima. Gari linarudi nyuma hatua mbili kabla breki hazijashika.

"Nishusheni!" sauti inatoka ndani. "Jamani, nishusheni!"

Husna anashusha magunia, anawateremsha ndugu bandia wote wanne. "Lala tena, mzee. Mara ya mwisho."

Safari hii gari linapanda, linageuza, linarudi. Mzee Idrisa anashuka polepole, anavaa kofia yake, anaiweka sawa.

"Kabichi zitapanda Fuso," anasema.

"Na ndugu?" mjumbe anauliza.

"Ndugu wana miguu."

Sasa Husna anawafundisha ribiti mabinti wawili. Anataka kila kata ya juu huku ipate gari lake. "Nitaanza na mizani," anasema. "Kila anayetaka kuongeza kitu, akining'inize kwanza nikisome."

Mchana wa Alhamisi ile Husna hakubaki Lushoto. Alitaka kusikia kila ribiti gari likiwa njiani, kwa hiyo akalala kitandani mwenyewe, chuma chake mkononi, Sesilia kwenye kiti. Siku tatu alikuwa hajapumzika sawasawa.

Walipoipita Soni, barabara ikaanza mashimo. Elinuru akapaza sauti, "Vipi huko nyuma, fundi?"

Husna akagonga bati kwa kile chuma. Mara moja.

Mbele zaidi, kwenye mteremko mbaya, Elinuru akauliza tena. Bati halikugongwa. Sesilia akainama kumtazama: mdomo wazi kidogo, mkono umelegea juu ya chuma.

Sesilia akamgongea Elinuru bati yeye mwenyewe, mara moja. Abiria wa kwanza alikuwa amelala.