Barafu kwenye uso wa mtoto

Juzi kwenye kituo cha afya, hapa Gisenyi, bibi mmoja alikaa kando yangu na mjukuu wake wa kike, amemvika sweta mbili na kofia.

"Homa hana, muganga," alimwambia daktari, akigusa paji la uso la mtoto. "Iko anachoka tu."

Daktari akaingiza mkono chini ya sweta, akasikiliza kifua. "Alikuwa anakimbia?"

"Hapana. Ameamuka, akakaa tu."

"Moyo wake iko unakimbia sana."

Akaagiza mfuko wa barafu, akamvua mtoto kofia, akamwekea usoni.

"Mungu wangu! Baridi itamuua!" bibi alipiga kelele, na benchi zima tukamuunga mkono.

Mtoto akashtuka, akalia. Daktari akasikiliza tena, mabega yakamshuka. "Bon, baridi imeutuliza moyo. Lakini usijaribu hii nyumbani, mama. Muende hospitali leo leo, wamupime moyo."

Bibi akairudisha kofia, akaivuta hadi masikioni.

Sisi mtoto akilegea hushika paji la uso. Tusipokuta joto, tunaongeza sweta. Moyo uko chini kidogo tu ya hapo, umefunikwa na upendo wetu wote.